Mistari Tisa Chini ya Kola

Kila asubuhi, kabla hajafungua dirisha la karakana yake, mzee Mizoguchi Shigematsu husugua kidole gumba cha mkono wa kulia kwa kipande cha jiwe kilichokwisha kazi. Hukisugua taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga, kisha hukibandika kwenye mdomo wa chini na kufumba macho. Anapima kama ngozi imelainika. Hatua za mwisho za kung'arisha upanga hufanywa kwa gumba, juu ya vijiwe vyembamba kama ukucha, na gumba lenye sugu huacha mikwaruzo.

"Bado kigumu," husema.

"Kama mwenyewe," hujibu mkewe, mama Fumiyo, kutoka jikoni, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria ya supu.

Basi siku imeanza. Nimeyasikia maneno hayo kwa mwaka mmoja na miezi minne, siku tatu kila wiki, na sijasikia hata mmoja wao akibadilisha silabi.

Mimi ni mtunza kumbukumbu wa karakana. Cheo hicho nilijipa mwenyewe ili mama yangu apate la kuwaambia majirani. Kazi yenyewe ni kulaza karatasi nyembamba juu ya kila upanga unaoingia, kunakili umbo lake kwa wino, na kuandika daftarini urefu wake, hali yake, na jina la aliyeung'arisha mara ya mwisho kama linajulikana. Nina shahada ya historia. Tasnifu yangu ilihusu namna ya kutambua hati za kughushi. Nilipohitimu niliitwa kwenye usaili mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja nilijibu maswali kwa kutikisa kichwa. Mama Fumiyo na mama yangu hukausha matunda ya kaki pamoja kila vuli, na kati ya kaki moja na nyingine wakakubaliana kwamba mimi nifichwe hapa, mahali ambapo wateja wengi ni vyuma.

Nilifika nikiwa nimesoma vitabu vinane juu ya panga. Siku ya kwanza mzee aliniuliza ninajua nini. Nikamwambia, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, majina ya mawe yote anayotumia, kuanzia la kwanza lenye chembe kubwa hadi lile la mwisho laini kama sabuni. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipa ndoo.

"Mimi kwa mwalimu wangu nilichota maji miaka sita," alisema. "Mwaka wa saba nikaruhusiwa kuyamwaga."

Hivyo ndivyo anavyosimulia maisha yake, kwa vipande, na kila kipande kinamwacha yeye chini. Baba yake alikuwa kinyozi hapa hapa mjini Seki, na mwana akawekwa kurithi kiti. Akiwa na miaka kumi na saba alimkata diwani sikio. "Si lote," huwa anaongeza. Baba akaomba radhi wiki nzima, kisha akamwambia mwanawe kwamba mikono yake inafaa kwa vitu visivyotoa damu. Akapelekwa kwa mng'arishaji wa panga aliyekuwa akiishi nyuma ya kiwanda cha mikasi. Alikaa huko miaka kumi na miwili, ingawa kawaida ni kumi. "Miwili ilikuwa ya adhabu," anasema. Alitoka huko na magoti yanayolia kama bawaba, mguu wa kulia ulio mkubwa kuliko wa kushoto kwa sababu ya kukanyaga gogo linaloshikilia jiwe, na mke, ambaye alikuwa binti wa muuza tofu wa jirani na alimpenda, kwa maneno yake Fumiyo, kwa kuwa ndiye kijana pekee mtaani aliyenuka maji safi.

Ukutani amening'iniza vyeti kumi na vinne vya mashindano ya wang'arishaji. Nilivistahi sana mpaka siku niliposogea karibu na kuvisoma. Vyote vilikuwa vya kushiriki.

Sasa nieleze jambo moja la kazi yenyewe, maana bila hilo yaliyotokea hayaeleweki. Fundi anayetengeneza upanga huchora jina lake kwenye mkia, ile sehemu inayoingia ndani ya mpini. Mng'arishaji haruhusiwi kuandika jina popote. Lakini akishamaliza kila kitu, huchukua sindano nene ya chuma na kuchora mistari myembamba mgongoni mwa upanga, pale ambapo kola, yaani pete ya shaba inayoukaza upanga juu ya mpini, itakuja kufunika. Kila mmoja ana idadi yake na mkono wake. Mistari hiyo haionekani mpaka kola ivuliwe, na jiwe la kwanza la fundi anayefuata huifuta kabisa. Ya mzee Mizoguchi ni tisa. Wa tano huinama kidogo upande wa kulia, kana kwamba una neno la siri la kumwambia wa sita. Nimeinakili mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kuichora nikiwa usingizini.

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi na moja alikuja mama mmoja aitwaye Tokunaga Sayo, mpishi mstaafu wa shule ya msingi. Ana sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia watoto mia nne wapange foleni. Alibeba mfuko wa kaki mkono mmoja, na mkono wa pili upanga uliofungwa kwenye kitambaa cha kimono kuukuu.

"Fundi, sijaja kutafuta uzuri," alisema alipokaa. "Nimekuja kujua kama kuna kilichobaki. Huu ni wa marehemu baba yangu. Ametutoka mwezi wa pili. Na aliuharibu mwenyewe, hivyo usimcheke."

"Simcheki mtu mama, nina kioo nyumbani," alisema mzee.

Mama Tokunaga akaeleza. Baba yake, karani wa posta, aliupeleka upanga kung'arishwa miaka thelathini na minne iliyopita, kupitia kwa dalali mmoja wa Nagoya. Ulirudi ukimetameta, akawaalika wenzake kuutazama. Miaka miwili baadaye rafiki yake mmoja anayejua panga akauinua kwenye mwanga na kuona bato la kijivu, lisilong'aa, karibu na katikati. Akamwambia ngozi ya chuma imekwisha pale, moyo wa ndani umetokeza. Akamwuliza, "Unaufuta na nini wewe?"

"Tangu siku hiyo baba akajua ni yeye," alisema mama Tokunaga. "Kwamba aliufuta kwa nguvu mno. Hakumwonyesha tena mtu yeyote. Kila mwezi alikuwa anautoa, anaupaka mafuta, anauinamia, anauomba radhi. Nilikuwa namsikia kupitia ukuta. Hata hospitali aliniambia nimwambie atakayeupokea kwamba hakukusudia."

Mzee akauchomoa upanga kutoka kwenye ala. Kutu ilikuwa imeota madoadoa kwa kuwa tangu mwezi wa pili hakuna aliyeupaka mafuta. Akauelekeza kwenye dirisha la kaskazini, akauinamisha, akauinua. Nilisubiri aseme kitu cha upole. Badala yake alianza kuvuta pumzi kwa hasira puani, na mimi niliyeketi pembeni na daftari langu nikajua mtu atatukanwa.

"Kufuta?" alisema. "Mama, ungeufuta upanga huu kwa kitambaa miaka mia mbili usingefika hapa. Tazama ukingo huu. Unatakiwa ukate jicho, huu umekuwa bega la sabuni. Tazama huku kwenye makali, alivyopaka weupe. Huyu si mng'arishaji, ni mpaka chokaa. Na hapa, hapa kulikuwa na kishimo cha kutu. Kidogo tu, kama punje ya ufuta. Mtu mwenye akili angekiacha. Huyu amekifukuza mpaka chini, akala chuma cha watu, kwa sababu alitaka kusifiwa. Bwege. Bwege mwenye jiwe!"

"Kwa hiyo si baba?"

"Baba yako? Baba yako ndiye pekee aliyeutendea wema upanga huu."

Mama Tokunaga akatoa leso. Hakulia. Aliikunja mara nne, akaikunjua, akaikunja tena.

"Anaweza kujulikana?" aliuliza. "Huyo mtu."

Hapo mzee akafanya kosa ambalo linaweza kufanywa na watu wa kazi hii peke yao. Akamweleza habari ya mistari. Akamweleza kwa raha, kwa kirefu, akichora hewani kwa kidole. "Mimi huwa nasahau sura za watu, hata shemeji zangu," alisema, "lakini mistari ya wenzangu wote naijua. Tukivua kola, mama, utatoka hapa na jina."

Akagonga kijiti cha mianzi kinachoshikilia mpini, mpini ukatoka. Kola ilikuwa imeng'ang'ania. Akaniomba nyundo ndogo ya mbao na taa. Nikaleta nyundo, nikapiga magoti kando yake na kumulika. Akagonga mara tatu kwa upole, kola ikateleza kuelekea mkiani, na chini yake chuma kilikuwa kisafi kama siku kilipofunikwa.

Mistari tisa. Wa tano umeinama kulia.

Nilihesabu mara mbili. Mzee, nadhani, hakuhesabu hata mara moja. Gumba lake lilikuwa limeshafunika mahali hapo.

"Vipi?" aliuliza mama Tokunaga.

"Kutu," alisema mzee Mizoguchi. "Imekula yote. Haisomeki."

Hapakuwa na chembe ya kutu. Nilikuwa nimeshika taa, na taa ilikuwa mpya. Mimi niliyeandika kurasa mia na ishirini kuhusu hati za kughushi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya hati halisi kuliko zote nilizowahi kuziona, na mwandishi wake akiwa hai pembeni yangu. Unajua nilifanya nini? Nilizima taa. Nilijiambia naokoa betri.

"Haidhuru," alisema mama Tokunaga, ingawa uso ulisema vingine. "Basi uondoe kutu hii tu, fundi. Au ufanye unavyoona."

"Niachie. Nitakupigia Alhamisi."

Alipoondoka, mama Fumiyo akatoka jikoni na sahani ya kaki zilizomenywa. "Mbona ulikuwa unafoka? Nani huyo bwege?"

"Hajulikani," alisema mzee, akala kaki nne mfululizo, yeye asiyependa kaki.

Jioni hiyo kabla ya kwenda kituoni nilijaza daftari, maana ni sheria ya karakana kwamba kumbukumbu iandikwe kabla jiwe lolote halijagusa upanga. Urefu, kina cha mkunjo, mahali palipo na kutu, bato la kijivu. Nikafika kwenye safu ya mng'arishaji aliyetangulia. Nilikaa na ile safu kwa dakika ishirini. Mwisho nikaandika "hajulikani", kwa penseli, tena kwa herufi ndogo kuliko kawaida yangu, kana kwamba uwongo ukiandikwa kwa herufi ndogo unapungua. Sehemu ya kunakilia mistari nikaiacha wazi. Nilirudi nyumbani nikijiona nimefanya jambo la busara sana, na nikashindwa kula.

Jumatano nilipokuja mzee alikuwa mkarimu kupita kiasi. Alinisifia soksi. Alinipa mapumziko mawili ya chai badala ya moja, na kila aliponikuta nimeinua macho alikohoa na kutafuta kitu chini ya kiti. Mama Fumiyo alimwangalia akiacha bakuli la pili la wali katikati.

"Mzee, unaumwa?"

"Nimeshiba."

"Tangu lini?"

Usidhani nilikuwa nikimsubiri atubu. Nilikuwa nikiomba asitubu, maana akitubu mbele yangu ningelazimika kusema nilijua. Nilipiga hesabu ya mambo kwa namna hii: mama Tokunaga ameshaambiwa si kosa la baba yake, hilo ndilo alilolihitaji, jina la bwege lingemsaidia nini? Nilijenga hoja hiyo vizuri, kwa aya tatu na hitimisho. Ilikuwa hoja nzuri kuliko tasnifu yangu. Ila nilikuwa nimemwona anavyoikunja ile leso. Amepewa neno la mtu anayepayuka dirishani, halafu akanyimwa uthibitisho wake. Kesho mtu mwingine angemwambia ni kufuta, naye angerudi kuamini.

Alhamisi asubuhi nilimkuta mzee ameshajiandaa. Maji yako kwenye beseni, jiwe limefungwa kwenye gogo, mguu wake wa kulia umekanyaga kishikizo. Upanga ulikuwa mapajani mwake bila mpini wala kola, na gumba lilikuwa limelala pale pale mgongoni. Msuguo mmoja tu, wa sekunde moja, na mistari ingetoweka. Hakuna mtu duniani angejua isipokuwa mimi, na mimi, kama alivyokwisha kuona, sikuwa mtu wa kuhesabiwa.

"Binti," alisema bila kugeuka, "daftari liko tayari?"

"Tayari, mwalimu."

"Lete."

Sijui kwa nini alilitaka. Huwa halisomi, husema miwani yake ni ya vyuma si ya herufi. Nikamfungulia ukurasa, nikaushika mbele yake kwa mikono miwili, naye akasoma kutoka juu. Nilimwona akifika. Midomo ilitamka neno hilo polepole.

"Hii nini?"

"Ni kama ulivyosema, mwalimu."

"Nilivyosema." Akasogeza uso karibu zaidi. "Mbona kwa penseli?"

Kichwani mwangu kulikuwa na majibu saba. Nikatikisa kichwa, kama kwenye usaili.

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye jiwe. Kisha akaufuta upanga kwa karatasi laini, akauweka kwenye rafu ya mbao, na kuutoa mguu kwenye kishikizo.

"Mwandiko wako mzuri sana," alisema, kama mtu anayelalamika. "Mpigie yule mama. Mwambie aje leo."

Mimi siwezi kupiga simu bila kuandika kwanza nitakachosema, pamoja na "haloo". Niliandika mistari sita, nikapiga, na mama Tokunaga akapokea kwa kusema, "Nakuja," kabla sijafika mstari wa pili.

Alifika saa tano. Safari hii mzee hakukaa kwenye kiti chake cha kazi. Alipiga magoti mkekani, akaweka upanga kati yao juu ya kitambaa, mkia ukimwelekea mgeni.

"Mama, Jumatatu nilikudanganya. Mistari inasomeka."

"Ya nani?"

"Iko tisa. Wa tano umeinama."

"Sijauliza mingapi, fundi. Nimeuliza ya nani."

"Yangu."

Mama Tokunaga akatazama mistari, akamtazama yeye.

"Kwa hiyo yule bwege…"

"Ndiye mimi."

"Na mpaka chokaa?"

"Huyo huyo."

"Na mimi nimeishi na wote wawili," alisema mama Fumiyo mlangoni, akiwa na sinia la chai. Akaliweka sinia chini, akaketi kando ya mumewe.

Mzee akaeleza. Mwaka ule alikuwa na miaka thelathini na saba, hajawahi kushinda chochote, na dalali alimletea upanga usio na jina lakini mzuri. Aliupeleka mashindanoni bila mwenye upanga kujua. Kile kishimo kilimkosesha raha. Aliona majaji hawatatazama kingine. Akakifukuza. Alipoona kijivu kinaanza kutokeza alipaka weupe zaidi pande zote ili jicho lisitue pale.

"Ukawa wa ngapi?"

"Wa kumi na tisa."

"Kati ya wangapi?"

"Ishirini na mmoja." Akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Nilipoushika Jumatatu sikuutambua. Nilikuwa nikijisifu kwamba sisahau upanga. Kumbe huu niliusahau kwa makusudi, miaka mingi iliyopita. Nisamehe. Baba yako hakukosea kitu."

Mama Tokunaga hakumwambia ainuke. Sauti yake ya foleni ilikuwa imepungua, na ilitisha zaidi ikiwa hivyo.

"Aliuomba radhi kila mwezi. Miaka thelathini na miwili. Hebu hesabu."

Mzee hawezi kuzidisha bila karatasi, achilia mbali paji likiwa chini.

"Mia tatu themanini na nne," nilisema.

Wote wakanigeukia. Lilikuwa neno langu la kwanza mbele ya mteja tangu niajiriwe, na sijui ni pepo gani aliyenituma. Nilitamani mkeka unimeze. Lakini mama Tokunaga alitikisa kichwa taratibu kukubali, kama mtu aliyeletewa kitu alichokuwa akikitafuta.

"Mia tatu themanini na nne," alirudia. "Inuka, fundi. Magoti yako yanapiga kelele, sisikii ninachofikiri."

Akainuka. Mama Tokunaga akanywa chai yake yote ndipo akasema anachotaka. Alitaka iandikwe. Si risiti, barua, yenye jina la baba yake na jina la fundi, na neno wazi kwamba aliyekosea ni nani. Ataiweka kwenye madhabahu ya nyumbani mbele ya picha ya marehemu. Mimi, kwa kiherehere cha kutaka kujisafisha, nikasogeza kalamu na karatasi zangu.

"Wewe una mwandiko mzuri mno," alisema mzee. "Lete hapa."

Aliandika mwenyewe kwa brashi, akiharibu karatasi tano. Herufi zake zinafanana na kuku waliofukuzwa. Alipomaliza alimsomea, mama Tokunaga akamrekebisha herufi moja ya jina la baba yake, naye mzee akaandika upya, ya saba.

"Na upanga?" mama Tokunaga aliuliza akiikunja barua.

"Chuma nilichokula hakirudi. Nitaondoa kutu, kwa vijiwe vya gumba tu, bila jiwe kubwa. Bato litabaki, na litaonekana zaidi, kwa sababu sitalipaka kitu."

"Libaki. Na mistari yako usiiguse."

"Ile? Mama, hiyo ni mibaya."

"Ndiyo maana."

Nilifuta lile neno la penseli siku hiyo hiyo na kuandika jina lake kwa wino, kwa herufi za kawaida. Kifutio kiliacha ukungu kwenye karatasi na hakuna nilichoweza kufanya. Kazi ilimchukua mzee wiki tatu. Akisukuma kijiwe kwa gumba, kucha kwa kucha, alikuwa akinung'unika kumtukana yule kijana wa miaka thelathini na saba, na nyakati nyingine kumpa ushauri. Mama Tokunaga alikuja kuuchukua mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili. Aliutazama dirishani, akaliangalia bato kwa muda, akasema, "Haya." Aliacha kaki zilizokauka za kutosha karakana nzima, yaani watu watatu.

Mchana wa siku hiyo tulikuwa tukiosha mawe, mzee na mimi, mikono ikiwa imekufa ganzi kwa baridi. Nilikuwa na swali. Nilikuwa nimeliandika kwenye karatasi tangu wiki iliyotangulia, nikalifupisha mara kadhaa, nikaondoa maneno yote ya adabu yaliyokuwa yakilificha. Karatasi ilikuwa mfukoni na sikuweza kuitoa kwa vidole vile. Nikasema bila karatasi.

"Mwalimu, kama nisingeandika lile neno daftarini, ungemwambia?"

Alizungusha jiwe majini, akaligeuza upande wa pili, akalisugua na upande huo.

"Hapana," alisema. "Ningeifuta ile mistari."